Asubuhi ya Sabini na Moja

Nekesa,

Sikuulizi kama hujambo. Nimekusikia sasa hivi ukicheka na mama yako jikoni, kwa hivyo najua hujambo, na wewe unajua kwamba mimi niko hapa sebuleni peke yangu na nimenuna. Tumeishi hivi wiki tatu, tukipitana mlangoni kama wapangaji wawili wanaogombania bafu. Kesho unakwenda Nairobi kusomea hesabu. Sitakubali upande basi ukidhani nimenyamaza kwa sababu sina la kusema.

Mambo ya kufunga chumba, kuficha simu na kutoruka chakula, mama yako ameyasema mara nyingi mpaka nadhani hata ng'ombe wameyashika. Mimi nina jambo moja tu. Ni ile namba, 720,721.

Ulinivunjia heshima. Naanza hapo kwa sababu ndipo panaponiuma. Siku ya kukuaga hema lilikuwa limejaa, mchungaji ameshabariki chakula, baba yako mdogo Barasa ameketi mstari wa mbele na ile kofia yake ya mazishi na harusi. Wakakupa kipaza sauti useme neno la shukrani. Ukawashukuru watu wa kanisa, ukawashukuru jamaa waliotoka Bungoma alfajiri, ukamshukuru mama yako mpaka akalia. Kisha ukanigeukia mimi. Maneno yako nayakumbuka yote.

"Baba, ile namba yako inagawanyika. Nimeigawanya kwa sabini na moja, haibakishi kitu. Sasa si umpatie Wafula mahali ajenge."

Barasa alicheka mpaka kofia ikaanguka. Watu ambao hawajui hata tunazungumzia namba gani wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Mimi nikasema ati simu imekudanganya, nikaondoka nikaenda zizini, na pilau yangu ikaliwa na mtu mwingine. Nikiwa kule zizini nilisikia kwaya ikianza kuimba ili kufunika aibu. Aibu ilikuwa yangu, na waliifunika kwa sauti mbaya.

Wewe namba hiyo uliikuta hapa nyumbani kama ulivyolikuta tangi la maji. Hukuwahi kuuliza ilitoka wapi. Basi nitakuambia, kwa sababu uliivunja bila kujua ilikuwa imeshikilia nini.

Babu yako alikuwa na shamba upande wa Mabanga. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulionitia hasira maisha yangu yote. Hakujua kusema hapana. Kila kijana wake aliyetoka jandoni alikatiwa kipande, na sisi tulikuwa vijana wengi wa mama wawili. Ilipofika zamu yangu na ya Barasa, kipande changu kilikuwa kirefu na chembamba, na fahali wangu akitaka kugeuka ilimbidi kwanza aingie kwa Barasa. Si mzaha. Aliingia, akala mahindi ya Barasa, na mimi na ndugu yangu wa tumbo moja hatukusalimiana msimu mzima. Babu yako alitutazama tu, mikono mitupu. Hakuwa na kitu kingine cha kutupa. Niliuza kile kipande, nikachukua mkopo wa walimu, nikamleta mama yako na kaka yako Wafula, aliyekuwa bado anatambaa, hapa nje ya Kitale. Nikaapa kwamba shamba hili halitakatwa.

Wakati huo nilikuwa nafundisha darasa la saba. Siku moja nikawapa wanafunzi watafute namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa kila namba kuanzia moja hadi kumi na sita. Jibu lake ni 720,720. Ni namba laini ajabu. Ukija na watoto wawili, inagawanyika. Ukija na saba, na kumi na mmoja, na kumi na watatu, wote wanapata sawa. Ukiitazama utaona ni 720 iliyoandikwa mara mbili, na namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili hivyo, umeizidisha kwa 1,001, kwa hivyo lazima igawanyike kwa saba, kwa kumi na moja na kwa kumi na tatu. Niliwaonyesha watoto hilo, wakashangilia. Mimi nilisimama pale ubaoni nikamwona baba yangu mwenyewe. Kila anayekuja anapewa, mpaka hakuna shamba.

Nikachukua chaki nikaongeza moja.

Moja tu, Nekesa, na mlango ukafungwa. Gawanya 720,721 kwa mbili, inabaki moja. Kwa tatu, inabaki moja. Endelea hadi kumi na sita, kila mmoja anapeleka mkono na kila mmoja anakuta ile moja imekaa pale imekunja uso. Sijawahi kuipenda namba namna hiyo. Nikataka kujua kama yuko yeyote, mbele zaidi, anayeiweza.

Huhitaji kufundishwa jinsi ya kutafuta. Unazijaribu namba tasa pekee, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, na ukifika 839 bila kufaulu unapumzika, kwa sababu inayofuata, 853, ukiizidisha kwa yenyewe inaipita namba yako. Ila sikuwa na muda wa kukaa na karatasi. Ulikuwa msimu wa kuvuna, na nilikuwa na ng'ombe wawili wa kukamua. Nikajiwekea utaratibu: mkamuo mmoja, namba moja. Asubuhi moja, jioni moja, kichwa changu kimeegemea ubavu wa ng'ombe, maziwa yanagonga ndoo, na mimi nagawanya kichwani. Kumi na saba ikabakisha sita. Kumi na tisa ikabakisha kumi na tatu. Thelathini na saba ilinitoa jasho, ilipungukiwa na mbili tu. Sitini na saba nayo ikazidi kwa mbili. Niliendelea hivyo mpaka karibu na mvua za kupanda, nikafika 839, haikukubali. Siku hiyo niliingia nyumbani na ndoo nikamwambia mama yako kwamba tuna namba tasa ya kwetu. Akaniuliza kama maziwa nimeyachuja.

Tangu hapo nimeitumia kama rungu. Mlipogombania kipande cha mwisho cha chapati, niliitaja, nikakila mimi. Mama yako alipotaka tumuuzie jirani ile kona ya barabarani, niliitaja. Na mwaka jana Wafula alipokuja kutoka Kimilili anakotengeneza pikipiki, akasimama hapahapa na helmeti mkononi, niliitaja tena.

Ulikuwepo, ulikuwa unapiga pasi. Alisema mke wake ana mimba, chumba cha kupanga kimekuwa kidogo, nimpe tu pale chini karibu na mto ajenge. Hakudai, aliomba. Nikamwambia agawanye 720,721 kwa mbili.

"Inabaki moja, mzee," akasema.

"Hiyo moja ndiyo mimi."

Alivaa helmeti akiwa bado ndani ya nyumba. Hajarudi tangu siku hiyo. Hata siku ya kukuaga wewe hakuja, alituma mkungu wa ndizi. Na nitakuambia ukweli wangu mbaya: nililipenda jibu lile. Usiku huo nilimrudia mama yako maneno yale nikitegemea atacheka. Alinigeuzia mgongo akavuta blanketi lote.

Kesho yake wewe ukachukua ndoo ukasema utanisaidia kukamua. Nilifurahi kama mjinga. Nikawaambia watu kanisani kwamba binti yangu, na masomo yake yote, ana huruma na mgongo wa babake. Juzi ndipo mama yako, akinimiminia chai kana kwamba ananimwagia, aliponiambia kwamba simu hukuigusa. Uliifanya kichwani, pale pale zizini, mkamuo mmoja, namba moja, kama nilivyowasimulia mlipokuwa wadogo. Mimi niko kwa ng'ombe wetu Zawadi, wewe uko kwa ndama wake aliyekua, tumepeana migongo, na wewe unaichimba namba yangu chini kwa chini. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wamefuga binti.

Na uliipata mapema. Sabini na moja si mbali. Uliipata ukanyamaza. Miezi yote hiyo ulinipa habari za asubuhi, ukanisogezea kigoda, ukanisikia nikiitaja namba kwa majirani, na hukusema kitu. Ulikuwa unasubiri hema.

Hilo ndilo siwezi kulimeza. Ungeniambia zizini. Najua ningekataa. Ningepiga kelele, ningekuita mtoto asiye na adabu, pengine ningepiga ndoo teke. Lakini tungekuwa wawili tu na ng'ombe, na ng'ombe hacheki. Huko uendako kumejaa watu waliokosea hesabu zao, na wengine ni maprofesa. Utawaona haraka, kwa sababu una jicho hilo baya. Ukimkuta mtu na kosa lake, mwendee kwanza akiwa peke yake. Usidhani huo ni ushauri. Nalalamika.

Lakini nikiwa katika kulalamika, acha nikulipe na haki yako. Ungenijia peke yangu, Wafula asingepata hata mahali pa kusimamisha pikipiki. Ningekunyamazisha na ungenyamaza, kama mama yako alivyonyamaza kuhusu ile kona ya barabarani. Ulijua unashughulika na nani. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mimi ndiye niliyekuonyesha pa kuuma. Nimeliwaza hilo wiki tatu na bado sijui ulipaswa kufanya nini. Najua tu kwamba iliniuma.

Wiki zote tatu sikuigusa hesabu yenyewe. Ulidhani nimekataa kwa kiburi. Niliogopa, Nekesa. Mtu aliyestaafu ualimu, nikaogopa kugawanya. Leo jioni ulikuwa unapanga nguo zako kwenye sanduku, kwa hivyo nilikamua peke yangu. Nikaegemeza kichwa kwa Zawadi nikaanza. Sabini na moja mara elfu kumi ni 710,000. Inabaki 10,721. Sabini na moja mara mia moja na hamsini ni 10,650. Inabaki sabini na moja. Basi, imekwisha. 10,151 kamili. Sikuwa nimejaza hata robo ya ndoo. Mtoto wa darasa la sita angeipata akila ubuyu.

Nilikaa pale mpaka Zawadi akanigeukia kuona kama nimelala. Sikuwa nawaza tena kuhusu wewe wala Barasa. Nilitaka kujua niliipitaje. Sitini na saba naikumbuka vizuri, na sabini na tatu naikumbuka, hata ng'ombe ninamkumbuka. Kati yao nikitafuta, sioni zizi kabisa. Naona trela la mahindi.

Mama yako alishikwa na uchungu alfajiri, kabla sijachukua ndoo. Hakukuwa na gari la karibu. Jirani yetu alikuwa amepakia trela la mahindi ya kupeleka Kitale, akaturuhusu tupande juu, mama yako amelala juu ya magunia, mimi nimemshika kichwa kisigonge, trekta inakwenda kama inahesabu mawe. Nilimwacha Wafula kwa mke wa jirani, Mama Chebet, na ndiye aliyewakamua ng'ombe asubuhi hiyo. Ulizaliwa kabla ya saa sita mchana. Tulikuita Nekesa kwa sababu ya mavuno, ingawa kwa haki ungeitwa Trela.

Jioni nilirudi kukamua nikiwa na furaha ya kijinga. Nikaketi, nikajiambia: asubuhi ilikuwa zamu ya sabini na moja, sasa ni sabini na tatu. Nilihesabu mikamuo, sikuhesabu nilichogawanya. Asubuhi ilipita, nikaichukua kwamba kazi yake pia imepita. Namba zote nyingine hadi 839 nilizijaribu kwa uaminifu, na ni hiyo moja tu iliyokuwa inaiweza. Kwa hivyo wewe ulizaliwa ukaniharibia hesabu, kisha ukakua ukanisahihisha mbele ya mchungaji. Sijui nikugombeze kwa lipi kwanza.

Ila usianze kucheka. Hoja yako pale hemani ilikuwa mbovu, na mwalimu wako wa chuo angekukata alama. Namba kugawanyika kwa sabini na moja si kugawanyika kwa mbili. Ile 720,721 bado inamkatalia Wafula kama ilivyomkatalia mwaka jana. Ungekuwa na ndugu sabini, hapo tungezungumza. Jambo linaloniudhi ni kwamba hoja ilikuwa mbovu na bado ulikuwa na haki. Shamba halijawahi kuwa namba. Ni mimi niliyeligeuza namba ili nisitazame uso wa mwanangu akiomba, na wewe ukanijibu kwa lugha pekee niliyokuachia.

Nikaendelea kidogo, kwa sababu nilitaka kujua kilichobaki. Hiyo 10,151 yenyewe ni tasa. Sikuhitaji kuanza upya. Kitu chochote ambacho kingeigawanya kingeigawanya pia ile kubwa, na hizo nilishazijaribu zote wakati ule, ila sabini na moja, ambayo leo nimeijaribu juu yake pia, inabakisha sitini na tisa. Kwa hivyo kazi yangu ya zizini haikupotea yote. Kiko kitu kisichogawanyika, nilikuwa sahihi kwamba kiko. Ni kidogo tu kuliko nilivyojivunia.

Nimempigia Wafula kabla ya chakula. Nilimuuliza kama ana jembe. Akasema analo. Nikamwambia aje Jumamosi. Nikasikia mtoto akilia nyuma yake, mjukuu wangu ambaye sijamshika.

"Ni Nekesa amekutuma?" akauliza.

Nikamwambia hakuna mtu ananituma katika shamba langu, na aje na mtoto.

Miche ya mkonge iko nyuma ya zizi. Umeiona asubuhi ukadhani ni ya uzio. Ilikuwa ya uzio kweli, lakini tangu jioni hii ni ya mipaka miwili. Mmoja utapita chini, karibu na mto, na huko ni kwa Wafula. Wa pili utapita juu, upande wa ile kona ya barabarani, na huko ni kwako. Ulisimama mbele ya watu wote wale ukamwombea ndugu yako na hukujiombea hata pa kukanyaga, na hilo pia limenikasirisha, kwa sababu msichana anayejisahau katika mgawo atasahauliwa na kila mtu. Barasa atasema binti harithi. Mwache aseme, fahali wangu alishakula mahindi yake. Sehemu ya katikati, yenye nyumba na zizi, ni yangu mimi na mama yako, na hiyo haigawanyiki tukiwa hai. Usije likizo na namba nyingine.

Usinishukuru. Bado nimekasirika, na nadhani nitakasirika mpaka Krismasi. Ukipiga simu, piga kwa mama yako, mimi nitasikiliza kutoka kwenye kiti changu kama nilivyo sasa.

Tangu nihamie hapa nimeacha kukamua asubuhi moja tu kwa ajili ya mtu, na unajua ni asubuhi gani. Kesho itakuwa ya pili. Nimemwomba Mama Chebet aje kwa ng'ombe. Sanduku lako nitalibeba mimi mpaka Kitale, nami nitasimama pale mpaka basi liondoke.

Njiani usiniongeleshe.

Baba yako